Namna ya Kutengeneza na Kupima Anodi ya Kaboni Yenye Vinyweleo Iliyopachikwa Naitrojeni, kwa Kutumia Vifuu vya Nazi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kemia au mhandisi chipukizi mwenye maabara ya kawaida ya chuo, anayetaka kutengeneza kwa mikono yake poda ya kaboni inayofaa kuwa anodi (upande hasi) ya betri ya sodiamu, kisha kuipima kwa namna ambayo matokeo yake yataaminika. Malighafi niliyoichagua ni kifuu cha nazi, kwa kuwa kina lignini nyingi na majivu machache, na kwa kuwa kuanzia Lamu hadi Mtwara hakuna uhaba wake. Kampuni ya Kuraray ya Japani imekwisha kuonyesha kwamba kaboni inayotokana na mimea inaweza kuuzwa kwa watengenezaji wa betri, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la kufikirika.

Nieleze mapema ninachokiona kuwa kiini cha kazi hii. Kaboni yenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, husifiwa kwa ukubwa wa eneo la uso wake, na ripoti nyingi huanza kwa kutaja mita za mraba 2,000 au 3,000 kwa gramu kana kwamba ukubwa huo peke yake ni ubora. Kwa kapasita sifa hiyo ina msingi, ila kwa anodi ya betri huwa ni hasara. Kila sehemu ya uso inayoguswa na elektroliti, kimiminika kinachopitisha ioni kati ya pande mbili za betri, hufunikwa, wakati wa kuchaji mara ya kwanza, na utando mwembamba unaotokana na kuvunjika kwa elektroliti yenyewe, na utando huo humeza sodiamu ambayo hairudi tena. Tunachokitaka ni vinyweleo ambavyo ioni za sodiamu zinaweza kuvifikia lakini elektroliti haiwezi kuvilowesha, pamoja na naitrojeni ya kutosha kusaidia upitishaji wa umeme bila kuvuruga mno mpangilio wa kaboni. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa shabaha hiyo.

Kwa nini kaboni ngumu

Betri nyingi za lithiamu hutumia kinywe (grafiti), madini yaleyale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa, ambayo kinadharia huhifadhi miliampea-saa 372 kwa gramu. Kinywe hicho hakipokei sodiamu kwa kiasi cha maana katika elektroliti za kawaida za kaboneti, na umbali wa nanomita 0.335 uliopo kati ya tabaka zake ni mdogo. Kaboni ngumu ni tofauti. Tabaka zake ni fupi, zimepinda, zimelala ovyo, na zimeachana kwa takriban nanomita 0.37 hadi 0.40, huku kati ya mafungu ya tabaka hizo kukiwa na nafasi tupu ndogo sana. Mwanakemia Rosalind Franklin alieleza mwaka 1951 tofauti kati ya kaboni zinazogeuka kinywe zikipashwa moto mkali na zile zinazokataa kugeuka; kifuu cha nazi kimo katika kundi la pili. Mwaka 2000, watafiti Stevens na Dahn wa Kanada walionyesha kwamba kaboni ngumu ya glukosi huhifadhi sodiamu karibu miliampea-saa 300 kwa gramu, na tangu hapo kaboni ngumu imekuwa ndiyo anodi inayotegemewa katika betri za sodiamu.

Naitrojeni inapochukua nafasi ya atomi ya kaboni, hukaa kwa sura tatu kuu. Iliyo ukingoni mwa tabaka, katika pete ya atomi sita, huitwa ya kipiridini; iliyo katika pete ya atomi tano huitwa ya kipiroli; na iliyo katikati ya tabaka, ikishikana na kaboni tatu, huitwa ya kigrafiti. Mbili za kwanza huzidisha sehemu ambazo ioni inaweza kunata, na ya tatu huboresha upitishaji wa umeme. Salfa na fosforasi nazo hupachikwa, hasa kwa ajili ya kupanua umbali kati ya tabaka, lakini kwa anayeanza naitrojeni ndiyo rahisi kuliko zote.

Kuandaa kaboni

Vunja vifuu vipande vya ukubwa wa ukucha, kwangua makumbi na mabaki ya nazi, vioshe, kisha vikaushe katika oveni kwa nyuzi 105 za Selsiasi usiku kucha. Vipange katika chombo cha kauri ndani ya tanuri la bomba na upitishe gesi ya agoni kwa angalau nusu saa kabla ya kuwasha moto, ili oksijeni yote itoke. Naitrojeni safi ya mtungi inaweza kutumika badala ya agoni, kwani katika joto hili haiingii ndani ya kaboni. Pandisha joto nyuzi 5 kwa dakika hadi 450, shikilia kwa saa mbili, kisha acha tanuri lipoe lenyewe gesi ikiendelea kupita. Tegemea kupata mkaa wa takriban theluthi ya uzito ulioanza nao.

Usipandishe joto zaidi ya hapo katika hatua hii. Mkaa wa nyuzi 450 bado una vikundi vyenye oksijeni kwenye nyuso zake, na vikundi hivyo ndivyo vinavyoshikana na amonia inayotoka kwenye urea. Urea huvunjika na kutoweka mapema sana, kabla ya nyuzi 400, kwa hiyo ukiichanganya na mkaa uliokwisha kuchomwa kwa nyuzi 900, sehemu kubwa ya naitrojeni yako itaondoka na moshi.

Twanga mkaa katika kinu kwa mchi, umalizie kwa mashine ya kusagia yenye gololi, kisha uchekeche kwa chekeche la mikromita 45. Loweka unga huo katika asidi ya haidrokloriki ya mola 1 kwa lita, kwa nyuzi 60, ukikoroga kwa saa kadhaa, ili kuondoa potasiamu na kalisi zilizomo kwenye majivu. Osha kwa maji yaliyotoneshwa mpaka maji yanayotoka yawe na pH ya karibu 7, kisha kausha.

Sasa gawa unga huo mafungu matatu yanayotoka katika mpishi mmoja. Fungu la kwanza lisiongezwe kitu. La pili lipachikwe naitrojeni tu. La tatu lifunguliwe vinyweleo kwanza, ndipo lipachikwe naitrojeni. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu sampuli iliyofanyiwa mambo mawili kwa pamoja, bila ya kuwapo ya kulinganisha, haiwezi kukueleza ni lipi kati ya hayo mawili lililoleta faida au hasara.

Kwa fungu la tatu, changanya gramu 2 za mkaa na gramu 1 ya haidroksidi ya potasiamu iliyoyeyushwa katika maji kidogo, kausha, kisha uchome kwa nyuzi 700 kwa saa moja. Tumia chombo cha nikeli, kwa kuwa haidroksidi hiyo hula kauri na silika. Katika maandishi mengi utakuta haidroksidi ikiwa mara tatu au nne ya mkaa. Kipimo hicho hutengeneza kaboni ya kapasita, si ya anodi. Joto linapopanda, haidroksidi hutafuna kaboni na kutoa haidrojeni, kaboneti ya potasiamu na potasiamu yenyewe kama metali. Metali hiyo inaweza kuganda sehemu za bomba zilizo baridi, na ikiguswa na maji huwaka. Kwa hiyo usifungue bomba likiwa na moto, usipunguze agoni kabla ya kufika joto la chumba, na unapotoa sampuli, fanya kazi hiyo ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukidondoshea isopropanoli kidogo kidogo kabla maji hayajakaribia. Bomba lenyewe nalo lisafishwe kwa utaratibu huohuo. Baada ya hapo osha kwa asidi na maji kama awali.

Kufungua vinyweleo kumetangulizwa kwa makusudi. Haidroksidi ya potasiamu hushambulia zaidi sehemu zenye naitrojeni, hivyo anayepachika kwanza na kufungua baadaye huiondoa kwa mkono mmoja ile naitrojeni aliyoiweka kwa mwingine.

Fungu la pili na la tatu sasa yachanganywe na urea ya uzito sawa na wa mkaa. Iyeyushe urea katika maji, mimina juu ya mkaa, koroga kwa saa moja, kisha kausha kwa nyuzi 80, ili iingie ndani ya chembe badala ya kukaa pembeni. Urea ya mbolea iliyoko madukani ina naitrojeni asilimia 46, karibu sawa kabisa na urea ya maabara, lakini kwa kazi ya kulinganisha tumia ile ya maabara, maana kitu chochote kilichopakwa kwenye punje za mbolea kitabaki katika kaboni yako. Weka mchanganyiko katika chombo chenye kifuniko, pandisha joto nyuzi 2 kwa dakika hadi 300, shikilia saa mbili, ndipo upande nyuzi 5 kwa dakika hadi 1,000 na kushikilia saa mbili nyingine. Gesi zinazotoka zina amonia na asidi ya isosiani, ambazo ni sumu. Zipitishe katika chupa tupu, kisha katika chupa ya asidi hafifu, kisha zitoke ndani ya kabati la kuvuta hewa. Chupa tupu huzuia asidi isirudi ndani ya tanuri endapo shinikizo litashuka. Kagua pia mrija wa kutolea gesi, kwani masalia meupe ya urea huganda mahali pa baridi na yanaweza kuuziba kabisa.

Fungu la kwanza nalo lipitie ratiba hiyohiyo ya joto, bila urea.

Kuhusu joto la mwisho, hakuna chaguo lisilo na gharama. Kadiri linavyopanda, naitrojeni inapungua, na inayobaki huelekea kuwa ya kigrafiti. Lakini ni joto hilohilo linalofunga midomo ya vinyweleo vilivyo wazi, na kwa sodiamu kufunga huko kuna thamani kubwa kuliko asilimia chache za naitrojeni. Nimechagua 1,000 kama mahali pa kukutana. Mwenye tanuri linalofika 1,300 na bomba la alumina ajaribu huko pia, akijua kwamba naitrojeni itakayobaki itakuwa kidogo. Mwenye bomba la silika asilizoeshe kupita 1,100.

Kukagua poda

Vipimo vitatu vinatosha kwa kuanzia. Cha kwanza ni mionzi ya eksirei. Kwa eksirei ya shaba, kinywe huonyesha kilele chembamba kwenye pembe (2θ) ya nyuzi 26.5, ilhali kaboni ngumu huonyesha kilele kipana karibu na 24. Kwa urefu wa wimbi wa nanomita 0.154, pembe ya 24 inakupa umbali wa nanomita 0.37 kati ya tabaka, nayo 26.5 inakupa 0.336. Kilele chembamba kikijitokeza juu ya kile kipana, rudi ukaangalie kama majivu yalioshwa vizuri.

Cha pili ni kiasi cha naitrojeni, ambacho mashine ya kuchoma na kupima kaboni, haidrojeni na naitrojeni hukitoa vizuri. Ukiweza kupata chombo cha kupima elektroni zinazong'olewa na eksirei, utatofautisha pia sura za naitrojeni: ya kipiridini huonekana karibu na elektronivolti 398.4, ya kipiroli karibu na 400, na ya kigrafiti karibu na 401. Tahadhari tu kwamba chombo hicho hutazama nanomita chache za juu, si kiini cha chembe.

Cha tatu ndicho ninachokipa uzito zaidi, nacho ni vinyweleo. Gesi ya naitrojeni kwa kelvini 77 hupima vile vilivyo wazi tu, vilivyofungwa haivioni. Mtu akiona eneo la uso limeshuka kutoka mita za mraba 600 hadi 20 kwa gramu baada ya kuchoma kwa joto kali anaweza kudhani vinyweleo vimekufa, kumbe vimefungwa midomo na viko palepale. Njia nyepesi ya kuvibaini ni kupima msongamano kwa gesi ya heliamu. Kinywe kamili kina gramu 2.26 kwa sentimita ya ujazo. Tuseme poda yako imesoma 1.80. Gawa moja kwa 1.80 upate 0.556, gawa moja kwa 2.26 upate 0.442, kisha toa: sentimita za ujazo 0.114 kwa kila gramu ni nafasi iliyofungwa ndani. Nambari hiyo ina habari nyingi kuhusu anodi kuliko eneo la uso.

Elektrodi na seli

Changanya poda asilimia 80, masizi ya kupitisha umeme asilimia 10, na gundi ya selulosi ya kaboksimethili asilimia 10. Gundi hii huyeyuka katika maji, kwa hiyo hakuna haja ya viyeyushi vyenye sumu. Iyeyushe usiku kucha kabla ya kuongeza vingine. Koroga mpaka rojo liwe laini lisilo na madonge, kisha lipake kwa kisu cha kusawazisha juu ya karatasi ya alumini. Kwa sodiamu alumini inafaa pande zote mbili za betri, kwa sababu haichanganyiki nayo kuwa aloi kama inavyofanya na lithiamu. Hiyo ni mojawapo ya sababu za betri hizi kuwa na matumaini ya bei nafuu. Kausha kwa nyuzi 80, kata visahani vya milimita 12, kisha vikaushe tena katika ombwe kwa nyuzi 110 kwa saa 12. Hatua hii ya mwisho isifupishwe, kwani kaboni yenye vinyweleo hushika unyevu kwa nguvu, na maji yakikutana na chumvi ya heksaflorofosfeti huzaa asidi ya haidrofloriki ndani ya seli.

Upimaji wa uzito unahitaji subira kuliko watu wanavyodhani. Kisahani cha alumini cha milimita 12 chenye unene wa mikromita 16 kina miligramu 4.9. Tuseme kisahani kilichopakwa kina 7.7, kilichopakwa ni 2.8, na asilimia 80 yake, yaani 2.24, ndiyo kaboni yako. Mizani inayokosea kwa miligramu 0.1 itaibadilisha miliampea-saa 300 kuwa 290 au 311 bila kemia yoyote kubadilika. Tumia mizani inayosoma miligramu 0.01, na upime visahani kadhaa visivyopakwa vilivyokatwa katika karatasi hiyohiyo.

Unganisha seli za kibonye za CR2032 ndani ya sanduku la glavu lenye agoni, ambalo oksijeni na maji yake viko chini ya sehemu 1 kwa milioni. Upande mmoja weka elektrodi ya kaboni, katikati kitenganishi cha nyuzi za kioo, upande wa pili kisahani cha sodiamu kilichokwanguliwa mpaka king'ae. Elektroliti iwe chumvi ya sodiamu ya heksaflorofosfeti, mola 1 kwa lita, katika kiyeyushi cha digilaimu au katika mchanganyiko sawa wa kaboneti ya ethilini na kaboneti ya daiethili. Tengeneza seli zisizopungua tatu kwa kila sampuli. Tengeneza pia moja yenye masizi na gundi tu, maana masizi nayo huhifadhi sodiamu, na sehemu yake isipotolewa itahesabiwa kuwa ya kaboni yako.

Kusoma mzunguko wa kwanza

Kwa mkondo wa miliampea 30 kwa gramu, kisahani cha miligramu 2.24 kinahitaji miliampea 0.067. Teremsha volti hadi 0.01, kisha pandisha hadi 2. Kumbuka kwamba katika seli hii, ambayo upande wa pili ni metali ya sodiamu, volti inaposhuka ndipo sodiamu inapoingia katika kaboni. Utaona sehemu mbili: mteremko kutoka karibu volti 1 hadi 0.1, kisha uwanda chini ya 0.1. Kupachika naitrojeni na kufungua vinyweleo kwa kawaida huongeza mteremko, ilhali nafasi zilizofungwa huongeza uwanda. Ripoti kila moja ya sehemu hizo mbili peke yake. Chaji inayotoka juu ya volti 1 haina faida kwa anodi, kwa kuwa betri kamili itapoteza volti hizohizo. Kwa hiyo wanaopima hadi volti 3 na kujumlisha kila kitu wanampa msomaji nambari kubwa isiyo na matumizi.

Sasa linganisha kilichoingia na kilichotoka, kwa mfano huu wa hesabu. Kaboni ya kwanza imepokea miliampea-saa 380 kwa gramu na kurudisha 304, yaani asilimia 80. Kaboni ya pili, iliyofunguliwa vinyweleo kwa nguvu, imepokea 700 na kurudisha 250, yaani asilimia 36. Katika betri kamili sodiamu yote hutoka kwenye kathodi, yaani upande chanya. Kathodi ya fosfeti ya vanadi na sodiamu hutoa kinadharia takriban miliampea-saa 117.6 kwa gramu. Ili kufidia hasara ya miliampea-saa 76 kwa kila gramu ya kaboni ya kwanza, unahitaji gramu 0.65 za kathodi ambazo hazitafanya kazi tena. Kwa ile ya pili hasara ni 450, na gharama yake ni gramu 3.8. Hakuna mtengenezaji wa betri atakayekubali mzigo huo, hata kama kaboni hiyo inadumu maelfu ya mizunguko baada ya hapo.

Ukipima kwa mikondo mikubwa na kuona uwanda umetoweka, usikimbilie kuilaumu kaboni. Uwanda uko karibu sana na sifuri, na metali ya sodiamu iliyo upande wa pili huhitaji volti zake mwenyewe ili kusukuma mkondo, hivyo seli hufika 0.01 kabla kaboni haijajaa. Seli yenye elektrodi ya tatu ya kurejelea hutatua shaka hiyo.

Poda hizihizi zinaweza kupimwa kwa lithiamu. Badili alumini kwa karatasi ya shaba, elektroliti kwa chumvi ya lithiamu, na kitenganishi kwa utando wa polipropilini. Kaboni ibaki ileile. Tazama hasa volti ambayo lithiamu inaingia na ile inayotoka. Katika kaboni zenye haidrojeni au naitrojeni nyingi, mara nyingi lithiamu huingia chini ya volti 0.3 na kutoka karibu na volti 1, na pengo hilo ni nishati inayogeuka joto katika kila mzunguko, hata pale ambapo hesabu ya chaji inaonyesha karibu asilimia 100. Kwa hiyo andika ufanisi wa nishati kando ya ufanisi wa chaji, kwa kila seli, tangu mzunguko wa pili.